Katuni hii si ya watoto, ni yetu sisi wazazi

Ijumaa moja, baada ya swala na kabla watu hawajatawanyika, alitujia mzazi mmoja tuliyemzoea katika safu za mbele, akatuvuta kando penye viatu. Hakuwa na swali la mirathi wala la talaka, kama ilivyo desturi ya wengi wanaotuvuta kando. Alikuwa na swali la katuni. Alisema alipeleka flashi yake kwa kijana anayejaza filamu mtaani kwao, akamwomba amjazie katuni za watoto kwa ajili ya likizo, naye kijana akajaza kadiri nafasi ilivyoruhusu bila ya kutazama kilichomo. Jioni moja binti yake wa miaka tisa alitoka sebuleni, akamkuta mama yake anakuna nazi, akamwuliza kwa nini yule mama wa udongo alitaka kufa ilhali ana mtoto tumboni.

Mama alikosa jibu, akamwelekeza kwa baba. Baba akazima televisheni. "Sheikh," alituambia, "nilizima nikidhani nimemaliza. Siku ya tatu akauliza tena."

Tulimwomba ile flashi. Kwa hakika hatukuwa na mazoea ya kukaa mbele ya katuni, na wapo watakaoshangaa kwamba ukurasa huu wa Ijumaa unashughulika nazo. Lakini mzazi aliyekuja na swali la mtoto hajibiwi kwa kuambiwa tu kwamba televisheni ni fitina. Tuliitazama filamu hiyo mara mbili, mara ya kwanza peke yetu na mara ya pili pamoja na mwenzetu wa nyumbani, na mara zote mbili tulimaliza tukiwa tumenyamaza.

Filamu yenyewe inaitwa Mary and Max. Ilitengenezwa Melbourne, Australia, na Adam Elliot, mtu ambaye mwaka 2004 alikuwa amekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa filamu fupi ya namna hiyo hiyo iitwayo Harvie Krumpet. Mary and Max ndiyo iliyofungua tamasha la filamu la Sundance huko Marekani mnamo Januari 2009, na mwaka huo huo ikapewa tuzo kuu ya tamasha la Annecy, Ufaransa, ikigawana tuzo hiyo na filamu nyingine ya vikaragosi, Coraline. Ina urefu wa dakika 92. Elliot mwenyewe ameeleza kwamba chimbuko la hadithi ni rafiki yake wa barua wa New York, ambaye waliandikiana kwa zaidi ya miaka 20.

Yafaa msomaji ajue filamu za aina hii hutengenezwaje, maana humo ndimo lilimo kosa letu. Hakuna mchoro hapa. Kikaragosi hufanywa kwa udongo wa plastisini na vitu vinavyofanana nao, ndani yake kikiwa na mifupa ya waya au chuma. Fundi hukiweka mbele ya kamera, hupiga picha, hukisogeza kidole kidogo tu, hupiga picha nyingine, hukisogeza tena. Picha hizo zikipitishwa kwa kasi, 24 katika kila sekunde, jicho huona kiumbe kinachotembea na kupumua. Dakika 92 ukizipigia hesabu ni picha zaidi ya 130,000, na hata pale ambapo kila mkao unapigwa picha mbili, bado ni mikao zaidi ya 60,000 iliyopangwa kwa mkono wa binadamu. Siku nzima ya kazi ya fundi mmoja huzaa sekunde chache tu. Mtu hajitaabishi hivyo kwa ajili ya kuwanyamazisha watoto wakati mama anapika.

Nasi tukikiona kikaragosi chenye kichwa kikubwa na macho ya duara, mara moja twasema hii ni ya watoto. Twahukumu kwa umbo. Ukweli ni kwamba sanaa hii tangu utoto wake ilikuwa na mazungumzo na watu wazima. Mwaka 1912 huko Urusi, Ladislas Starevich alichukua wadudu waliokufa, akawatia waya, akasimulia kwa kuwatumia hao kisa cha mbawakawa mume na mke wanaosalitiana katika ndoa. Mwaka 2015 ilitoka Anomalisa ya Marekani, nayo ni ya vikaragosi, na wenyewe Wamarekani waliipa daraja la kumzuia aliye chini ya miaka 17 asiingie ukumbini bila ya mzazi. Filamu ya karibuni ya huyo huyo Elliot, Memoir of a Snail ya mwaka 2024, nayo ilipewa daraja hilo hilo. Wao wanaandika onyo katika ganda. Onyo hilo halifiki katika flashi ya mtaani.

Sasa tukirejea kwenye kisa. Ni mwaka 1976, katika kitongoji kimoja cha Melbourne. Mary ni mtoto wa miaka minane, ana alama ya kuzaliwa katika paji la uso, na shuleni huchekwa kwa ajili yake. Baba yake anafanya kazi kiwandani, kazi ya kutia nyuzi katika vifuko vya majani ya chai, na akirudi nyumbani hujifungia kibandani akiwakausha ndege waliokufa ambao huwaokota barabarani. Mama yake ni mlevi na mdokozi. Hakuna anayempiga Mary wala kumnyima chakula. Hakuna tu anayezungumza naye.

Mtoto huyu ana swali ambalo kila mtoto wa miaka minane huwa nalo: watoto hutoka wapi? Babu yake alimjibu kwamba huokotwa chini ya glasi ya bia. Basi siku moja akiwa posta na mama yake, anafungua kitabu cha simu cha New York, anadondosha kidole juu ya jina moja, anaandika anwani, na usiku anamwandikia mtu huyo asiyemjua amwulize kama Marekani watoto huokotwa katika makopo ya soda.

Tuliposimamisha filamu hapo mara ya pili, mwenzetu aliuliza jambo ambalo halikutujia mara ya kwanza: katika nyumba yetu, mtoto wetu wa mwisho aliuliza swali hilo kwa nani? Tulijaribu kukumbuka. Hatukukumbuka. Ana miaka 22 sasa, na ni dhahiri kwamba alijibiwa na mtu.

Hapa ndipo tulipoanza kuona kwamba filamu hii imeelekezwa kwetu. Mtoto anayeitazama ataona vichekesho: samaki, jogoo, mzee mnene anayekula mkate uliotiwa chokoleti ndani yake. Mtu mzima ataona nyumba yenye wazazi wawili hai na mtoto yatima. Na jibu analopata Mary kutoka New York si bora kuliko la babu yake, kwani Max naye hurudia upuuzi aliodanganywa na mama yake utotoni, upuuzi wa kejeli juu ya dini ambao hatutauandika hapa. Mtu wa miaka 44, na katika jambo hilo bado anaishi kwa uongo aliopewa na mzazi aliyeona haya kusema.

Max Horowitz anaishi peke yake ghorofani. Alizaliwa Myahudi, akaacha kuamini, lakini bado anavaa kile kikofia chao kidogo. Barua ya kwanza ya mtoto inamtia hofu kubwa hata anakaa muda mrefu dirishani kabla ya kuweza kujibu. Nyuso za watu hazimwelei, hajui huyu anacheka kwa furaha au kwa dharau, hivyo hubeba daftari lenye picha za nyuso na maana zake. Makelele humtesa, mabadiliko humtesa, na mtu akitupa kipande cha sigara barabarani anaumia kama aliyetukanwa. Baadaye tunaambiwa kwamba ana hali iitwayo Asperger, ambayo madaktari tangu mwaka 2013 wameiingiza katika mlango mpana wa usonji. Watengenezaji wameipaka Australia yote rangi ya kahawia na New York yote rangi ya kijivu, na ndani ya kijivu hicho kuna kitone kimoja chekundu: kishada cha uzi ambacho Mary alimtumia, naye akakivaa juu ya kofia yake.

Ndugu wasomaji, akina Max tunao. Tumeletewa watoto wa namna hii kusomewa, mtoto asiyetazama mtu usoni, anayepanga visoda kwa mstari siku nzima na kulia mtu akikigusa kimoja. Kusomewa Qur'ani ni kheri na wala hatuikanushi. Lakini tumewaona wengine wakisomewa kwa nguvu, wakishikwa mikono na miguu, na mtoto aliyekuwa akiogopa makelele akipigiwa makelele sikioni ili jini atoke. Tumewaona wengine wakifungiwa chumba cha uani wageni wakija. Mzazi mwenye mtoto wa hali hii ampeleke kwa wataalamu, kisha asome naye Qur'ani kwa sauti ya chini anayoiweza mtoto. Tunalisema hili kwa mkato kwa sababu tulikwisha kuliandika siku za nyuma, na kwa sababu filamu ina la kusema lililo zito zaidi.

Mary anakua. Wazazi wake wanakufa mmoja baada ya mwingine, anaolewa, anaingia chuo kikuu na kusomea maradhi ya akili. Kwa mapenzi kabisa anaamua kuandika kitabu juu ya rafiki yake Max, akieleza hali yake na kutumaini kwamba siku moja itapatikana tiba. Kitabu kinachapishwa. Anamtumia nakala, tena kwa fahari, akijiandaa kumtembelea kwa mara ya kwanza.

Max hasomi mapenzi yale. Yeye kwa muda mrefu ameridhika na hali yake na hataki kuponywa kitu ambacho kwake ni kama rangi ya macho yake. Anasoma tu kwamba mtu mmoja pekee aliyemwamini amemfanya mfano wa ugonjwa. Hasira yake inamzidi. Anang'oa herufi M katika mashine yake ya kupiga chapa, herufi inayoanza jina la Mary, na kuituma Australia ndani ya bahasha bila neno jingine. Tangu hapo hawezi tena kuliandika jina lake, hata akitaka. Nasi tumesoma vitabu vingi vya adabu na fasihi katika miaka yetu ya madrasa na chuo, na hatukumbuki tulipoona kukatwa kwa udugu kukielezwa kwa kitu kidogo kiasi hicho.

Sehemu hii ilituuma kwa sababu tunayo yetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika darsa la akina mama, tulitoa mfano wa subira. Tulimtaja mama mmoja na kijana wake mwenye hali kama hii, jinsi alivyomhangaikia tangu utotoni, jinsi kijana alivyokuwa akijipiga kichwa ukutani. Jina hatukulitaja. Lakini darsa lilikuwa la mtaa mmoja, na nusu ya wale akina mama waligeuka kumtazama alipokaa. Tulidhani tumemsifu. Hakurudi tena darsani, nasi tukajisemea kwamba pengine amehama au ana shughuli. Tulijua kwamba hakuhama.

Wiki moja baada ya kutazama filamu tulikwenda kwake. Alitupokea vizuri, akatuletea maji, akasikiliza. Kisha akasema, "Sheikh, mimi nilikwisha kusamehe siku ile ile. Lakini hayakuwa yangu. Mwombe mwenyewe." Kijana sasa ni mtu mzima, anatengeneza redio na pasi barazani. Tulimwomba radhi. Hakututazama, aliendelea kuzungusha waya katika koili yake, na alipomaliza akauliza kama redio yetu nyumbani inafanya kazi. Mpaka leo hatujui kama hilo lilikuwa jibu.

Katika filamu, Mary anaamuru nakala zote za kitabu zisagwe. Kisha anaanguka. Anakunywa pombe ile ile aliyokuwa akinywa mama yake, anakaa katika kiti kama alivyokuwa akikaa, na mumewe anamwacha. Anafika mahali pa kukata tamaa ya uhai, akiwa mjamzito bila ya kujua. Hapo ndipo binti wa mzazi wetu alipoona alichokiona, na hapo ndipo tunaposema bila kusita kwamba filamu hii si ya mtoto wa miaka tisa. Tukio hilo linaonyeshwa kwa wimbo na kwa namna ya ndoto, jambo ambalo mtu mzima hulielewa kuwa ni huzuni na mtoto anaweza kulidhania mchezo.

Mambo mengine ya kukataa yapo, wala hatuyafichi. Ulevi umejaa. Mzaha juu ya dini, yao na za wengine, unapita mara kwa mara. Katika kisa cha ndoa kuna yasiyolingana na maadili yetu. Ama suala la vikaragosi vyenyewe, wapo wanaotuuliza kama kuvitazama si kutazama masanamu. Wanavyuoni wana maneno marefu hapo, na wengi waliruhusu wanasesere wa watoto kwa kuzingatia mapokezi mashuhuri ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Sisi kadhia hiyo hatuifungui leo. Mzazi aliyetujia hakuuliza juu ya udongo.

Umri gani basi? Kwa rai yetu, kijana wa miaka 15 au 16 anaweza kuitazama akiwa na mzazi pembeni, si mzazi aliyeko jikoni. Kwa aliye chini ya hapo, mzazi aitazame mwenyewe kwanza, kama ambavyo angeonja dawa kabla ya kumpa mtoto. Dakika 92 si nyingi. Tunazipoteza barazani kwa kuzungumzia mpira. Na kwa mzazi aliyekwisha kuchelewa, kama huyu ndugu yetu, kuzima televisheni si jibu, kwa maana mtoto akizimiwa huendelea kutazama kichwani mwake, peke yake, na huko hakuna wa kumweleza.

Tunaomba radhi kwa wasiopenda kusimuliwa mwisho, lakini hapana budi, kwani mwisho ndio uliombakia binti yule kifuani. Huko New York, Max amemkaba mtu mmoja wa barabarani kwa sababu ya kipande cha sigara, na baada ya kumwachia anatambua kwamba naye ni mwenye kasoro kama alivyo Mary. Anamsamehe. Anamfungia vikaragosi vyake vyote anavyovipenda, mkusanyo wa miaka mingi, na kuvituma pamoja na barua. Kifurushi kinafika Australia na kuachwa mlangoni kwa Mary saa ile ile anayokaribia kujidhuru. Ng'ambo ya barabara anaishi jirani mzee aliyepoteza miguu vitani, ambaye kwa miaka mingi haikanyagi barabara kwa hofu ya kutoka nje. Anakiona kifurushi. Anashinda hofu yake, anavuka, anagonga mlango, na Mary anashuka.

Anakwenda New York akiwa na mtoto mgongoni, na anamkuta Max ameketi kitini, ameaga dunia asubuhi ile, macho yamekaa darini. Mary anainua macho. Barua zake zote, za miaka yote hiyo, zimepigwa pasi, zimefunikwa kwa plastiki na kubandikwa dari nzima.

Tulimrudishia mzazi flashi yake na kumshauri aketi na bintiye, wao wawili, amwambie kwamba yule mama alikuwa na huzuni kubwa iliyomfanya asione vizuri, kwamba huzuni ya namna hiyo ni maradhi na ina watu wa kuiambia, na kwamba katika nyumba hii ya kwanza kuambiwa ni yeye baba. Alifanya hivyo. Ijumaa iliyofuata alituvuta tena kando penye viatu, safari hii akitabasamu kidogo.

"Amenielewa, Sheikh. Lakini ana swali jingine. Anataka kujua yule mzee asiye na miguu alijuaje kwamba agonge mlango wakati ule."

Tulimwambia amjibu ukweli. Hakujua. Alikuja kusema tu kwamba kuna kifurushi nje.